Baiskeli ya Kwendea Posa

Ami yangu wa Mbwajumali alikuwa mgane, na mjane mmoja wa Faza alikuwa ameahidi kuijibu posa yake Ijumaa baada ya swala. Alhamisi asubuhi Ami alinijia karakanani kwangu Faza, baiskeli yake ikilia ka, ka, ka, na ikinuka kuliko soko la samaki.

"Ni tandiko," akasema, akikipiga kiti cha baiskeli. "Nikazie tandiko, mwanangu."

"Na harufu hii?"

"Nimeipaka sifa. Kote."

Sifa ni mafuta ya papa, hupakwa vyombo vya baharini mbao zisioze. Huku kwetu chochote kilicho karibu na chumvi tunakihesabu mashua. Lakini mashua haina gololi, vile vipira vya chuma vinavyoizungusha ekseli. Mafuta yale yalikamata mchanga, mchanga ukapenya ndani, na gololi zikaanza kusagika.

"Kesho ikinivundikia ndiani, nitaingia kwa mke wangu na kanzu imeloa jasho," akalalamika.

"Bado si mke wako, Ami. Kwa nini usipande pikipiki?"

"Ya nani? Mwenye pikipiki naye anamtaka!"

Basi nikamweleza, maana kujua ugonjwa wa baiskeli si uganga. Alikuwa amesimamia pedeli kwa miaka bila kuzitazama. Nikamwambia ashike mikono yote miwili ya pedeli, vile vyuma vinavyozibeba, mmoja kila upande, aisukume na kuivuta kuelekea kwenye fremu. Asiizungushe, aitikise tu. Mkono mmoja ukicheza peke yake, umelegea kwenye ekseli, na huenda pini yake inataka kugongwa tu. Ikicheza yote miwili pamoja, upande mmoja ukiingia na mwingine ukitoka, basi shida iko ndani ya fremu, kwenye gololi.

Akatikisa. "Yacheza yote miwili," akasema kwa sauti ya chini. "Kama meno yangu."

"Vizuri sana. Umejua mwenyewe."

Tukapima na mbele. Unabana breki ya mbele, unaweka kidole pale usukani unapoingia kwenye fremu, kisha unaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga chini ya kidole, pamelegea. Hapakulegea.

"Kichwa ni kizima," nikamwambia. "Cha baiskeli."

Nilipofungua fremu, ulitoka uji mweusi. Gololi zilikuwa na mashimo, mbili zimepasuka. Mpya zingekuja na boti kutoka Lamu Jumamosi, na Ami hakuwa na Jumamosi.

"Ziko za kwako," akasema, akiitazama baiskeli yangu ukutani. "Nipe mbili tu."

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nikamfafanulia polepole. Gololi zilizolika huwa ndogo kidogo. Ukizichanganya na nzima, zile nzima ndizo zitakazobeba uzito wote, na nyingine zitakaa kama wageni wa harusi, zikila tu. Nikatoa zangu zote. Tukaosha bakuli zake zinamokaa gololi kwa mafuta ya taa, tukatia grisi na gololi zangu, na nikamwachia akaze mwenyewe. Alikaza mpaka ekseli ikagoma.

"Legeza kidogo, Ami. Izunguke kwa kidole, lakini ukiitikisa isicheze."

Alirudia mpaka akapata, akacheka peke yake kama aliyeona mwezi wa Idi.

Ijumaa aliwasili kwa mjane akiwa mkavu, kanzu safi. Jibu lilikuwa ndiyo. Kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, kwa hiyo baada ya nikahi Ami alikuja Faza na godoro lake juu ya keria ya baiskeli, amelifunga kwa kamba kama maiti. Nilimpokea mlangoni kwa bi harusi nikamsaidia kufungua.

Bi harusi akachungulia dirishani. "Godoro ninalo, Bwana. Mbuzi ulioniahidi wako wapi?"

"Nimewaacha Mbwajumali."

"Basi mchana bado mrefu."

Ami akanitazama, akalitazama godoro. Kisha akapanda baiskeli akarudi Mbwajumali kuwafuata mbuzi, na mimi nikabaki kuliingiza ndani.