Msamaha Nilioufuata Mwamkulu

Mwaka ule niliotaka kwenda Hija, nilikuwa tayari nimeshaongea na fundi wa mabango. Nilimwambia aandike "Hajati" kwa herufi nyekundu juu ya mlango wa duka langu la mchele hapa Kawajense, mjini Mpanda. Pasipoti ilikuwa bado haijatoka. Lakini lile bango nililiona kichwani kila nilipoinuka kwenye mswala, na siku nyingine nililiona kabla sijainuka.

Nilikuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora, nimeachika, nina begi moja na mtoto mgongoni. Kaka yangu alinipokea. Alikuwa mnunuzi wa mpunga, akanifundisha kazi: msimu wa mavuno unakwenda kwa wakulima wa bonde la Mwamkulu, unapima mpunga kwa debe, unajaza magunia, unaleta mjini kukoboa. Akanifundisha na jambo lingine. Alichukua debe jipya, akaingiza mchi ndani yake, akagonga kitako taratibu mpaka kikatokeza nje kama tumbo.

"Usiliweke chini, litayumba," aliniambia. "Likalishe juu ya mpunga wenyewe. Hakuna atakayeona."

"Si ndiyo kupunja huku, kaka?"

"Kila mnunuzi analo. Wewe nenda na debe la dukani, uone kama hutarudi Tabora."

Sikuuliza tena. Nilikuwa na mtoto wa kulisha, na baadaye, alipokwisha kukua, nilikuwa na nyumba ya kumalizia, halafu duka, halafu mashine yangu mwenyewe ya kukoboa. Swala tano sikuacha. Ramadhani nilifuturisha majirani. Nilipopata kimoja kilinionyesha kingine, na nilipokosa cha kutaka hapa Mpanda, nikataka Maka. Leo naweza kusema hivyo. Wakati ule nilisema ni imani.

Katika darasa letu la akina mama, mwalimu alituambia kwamba anayekwenda Hija apite kwanza kwa watu awaombe radhi, kwa sababu haki ya mtu iko mikononi mwa mtu mwenyewe. Nikapita. Ilikuwa kazi tamu. Majirani walinikumbatia, wakaniagiza dua, wengine wakalia. Siku ya tatu nikachukua bodaboda kwenda Mwamkulu, kwa mjane mmoja wa Kipimbwe aliyeniuzia mpunga tangu msimu wangu wa kwanza. Alikuwa Mkatoliki, rozari haikutoka shingoni mwake. Wanunuzi wengine aliwasimamia. Mimi aliniambia, "Pima tu mwanangu," akaingia jikoni kunichemshia chai.

Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema, mpunga bado uko shambani?"

Nikakaa, nikachukua hindi moja nami nikaanza kupukuchua. "Nakwenda Hija, mama. Nimekuja uniwie radhi kwa yote."

"Yote yapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua ameletewa nini.

"Yale ya kibinadamu," nikasema.

"Mimi na wewe hatujawahi kugombana."

Hapo ningeweza kuaga. Bodaboda alikuwa bado ananisubiri barabarani. Sijui ni kitu gani kilinikalisha. Labda ni uchovu tu, maana kudanganya nako kunachosha. Nikamwambia, "Debe langu limegongwa kitako."

"Najua," akasema, mikono yake ikiendelea na mahindi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Huwa naupima mpunga wangu kabla nyie hamjafika."

"Na ukaendelea kuniuzia mimi?"

"Ningemuuzia nani? Wote mnayo. La kwako lilikuwa na nafuu kidogo." Akapuliza makapi kiganjani. "Nilikuwa nakwenda jikoni ili nisikuone ukipima. Nilikuwa nakupenda, mwanangu."

Nililia. Hakunibembeleza. Nilipotulia nikamwomba anisamehe.

"Ukishasamehewa, ndiyo unakwenda huko?"

"Ndiyo, mama."

"Na debe?"

Nikaokota hindi lingine. Debe lilikuwa stoo nyumbani, limeoshwa, linasubiri mavuno. Nilikuwa nimeshamwachia kaka maagizo anipimie msimu mzima nikiwa safarini.

"Basi tuache kwanza," akasema. "Leo nimechoka."

Nilirudi mjini nikalikanyaga lile debe mpaka likalala. Nilijitoa kwenye msafara wa Hija. Pesa za safari nilinunulia mpunga, nikaanza kuupeleka kwa wale niliowakumbuka. Nilidhani nitapokelewa vizuri. Wengine walinicheka, wengine walidhani nataka udiwani. Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyewahi kulima bondeni pale aliupokea, akauliza mbona miaka yote hiyo gunia ni moja. Hakukosea. Wengine walikuwa wameshahama, wengine wamekufa, na hao sijui nitawalipa wapi.

Kaka alikuja dukani, hata chai hakunywa.

"Unataka watu watuone sote wezi?"

"Nimetaja la kwangu tu."

"Nani atasikia la kwako asiulize la kwangu?"

Tangu siku hiyo tunapeana mkono sikukuu za Idi, basi.

Msimu ulipofika nilikwenda na debe la kawaida. Sikuweza kushindana. Mwenye debe kubwa anatangaza bei ya juu kwa debe, na mkulima mwenye shida anasikia bei kwanza. Niliwaeleza, wakaniitikia kwa adabu, wakauza kwa wengine. Mwaka uliofuata niliuza mashine. Duka lipo, dogo, halina bango. Nilitegemea kwamba nikitenda haki moyo utakuwa mwepesi. Ukweli ni kwamba nachoka zaidi kuliko zamani, na nikisikia jirani anaitwa Hajati, roho bado inaniuma. Sijui kama nilichokitamani ni Nyumba ya Mwenyezi Mungu au ni jina. Mwalimu wa darasa ananiambia niendelee kuomba. Naendelea.

Yule mjane nilimpelekea yake kabla ya wote. Alisema, "Weka pale," akanipa ugali na dagaa wa Karema. Neno la kusamehe hakulitamka siku hiyo, wala mara nyingine nilizokwenda baadaye. Mara moja nilimkumbusha. Akasema, "Mwanangu, kula," na mimi nikala.

Wiki iliyopita nilimkuta ana homa, peke yake ndani. Nikampeleka zahanati kwa bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma asianguke. Foleni ilikuwa ndefu. Akasinzia, kichwa begani kwangu, mwili wake unachoma. Adhuhuri ikaadhiniwa msikiti wa jirani, na mimi sikuwa na mtu wa kumwachia. Nikakaa hivyo mpaka muuguzi alipomwita ndani. Ndipo nikatoka nyuma ya jengo, nikatia udhu bombani, nikaswali juu ya kanga yangu wakati unakaribia kwisha, nikiinuka kwa shida kwa sababu ya magoti.