Siku Niliyomwona Ninga Tena

Wiki ya sita baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, daktari aliniruhusu kuendesha vespa. Mume wangu akataka tufuatane. Nikakataa. Nilikuwa nimechoka kushikwa mkono kama wale watoto ninaowafundisha chekechea.

Kwa miaka miwili, mimi niliyezoea kuzunguka Pemba nikitazama ndege, nilikuwa nikiwajua kwa sauti tu. Nikimsikia ninga, njiwa wetu wa kijani asiyepatikana kwengine duniani, nainua darubini naona ukungu. Nikajiambia kusikia kunatosha. Hakukutosha.

Asubuhi nilitoka Wawi, nikapita Konde, nikakata kuelekea Micheweni, mpaka lami ikaisha na ardhi ikawa mawe matupu. Huko maweni maji ya mvua hayakai, vichaka ni vya miba, kivuli cha kutafuta. Nikaegesha vespa karibu na mkuyu uliozaa, nikatoa darubini.

"Wewe! Wapimani hapo?"

Alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akigonga kokoto na binti yake kando ya njia. Nikamsalimu, akaitikia shingo upande, nyundo mkononi.

"Kama mwataka kutuondoa, tuambieni mapema."

"Sipimi ardhi, bibi. Natafuta ndege."

Binti akacheka. Bibi hakucheka.

Nikainua darubini. Majani, kuyu, majani. Kisha jani moja likageuza shingo. Ninga! Nikauona mdomo wake, nikaliona hata baka la zambarau begani. "Alhamdulillahi!" nikapiga kelele, ndege akaruka, nami nikaanza kulia.

Bibi akaja mbio. "Umefikwa na nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote, macho yangu na miaka yangu miwili. Akakaa juu ya jiwe, akashusha pumzi.

"Kwa hivyo hukuja kupima kweli."

"Wallahi sikuja."

Sasa akacheka, akaiomba darubini. Akatazama kitambo. "Mie naona ukungu tu." Nikamzungushia gurudumu la kulenga, bado akaona ukungu. Ndipo nikamtazama vizuri: mboni zake zote mbili zilikuwa na weupe kama wa tui.

"Kila siku namwambia twende hospitali," binti akasema. "Aogopa kisu."

"Wakupasua uko macho?" bibi akaniuliza.

"Macho, lakini husikii maumivu. Nilirudi nyumbani siku ile ile nikala wali."

Akanisogelea, akalikagua jicho langu kwa vidole na kwa pua, kama anayechagua samaki sokoni. Kisha akamgeukia binti yake. "Jumatatu nipeleke."

Wakati wa kurudi sikuwa na haraka. Konde nilisimama katikati ya maduka nikasoma vibao vyote, kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka mwenye duka la vitambaa akaniuliza kama nimepotea.

"La," nikamwambia, "nasoma tu."