Changarawe Nilizozisugua Zikang'aa

Mwanangu, umeniandikia kwamba huko Kabianga stima inapotea kila mvua ikipiga, na kwamba unawaogopea samaki wako unaowafuga ndani ya kioo. Niliisoma barua mara mbili nikaiweka chini. Siku hizi nimechoka, hata kalamu naiona nzito, lakini jibu hili sitamwachia mtu mwingine, kwa sababu niliwahi kuua samaki wa watu kwa usafi wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na miaka ya sabini ndiyo ilikuwa inaanza. Nilifanya kazi ya nyumbani kwa Fundi Odhiambo, mtu wa kutoka ziwani aliyetunza mashine za kiwanda kimoja cha chai nje ya Kericho. Mkewe tulimwita Mama kwa heshima tu, maana mtoto hakuwa naye. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na wiki hiyo mimba ya tatu nayo ikaharibika, akalazwa hospitali. Alipokuwa akitoka na kikapu chake alinishika mkono.

"Chebet, niangalilie hao samaki," akasema. "Nikirudi nikute nyumba tupu kabisa, nitashindwa."

Walikuwa saba, wadogo, wekundu. Fundi mwenyewe ndiye aliyewaundia sanduku la vioo na vyuma. Pembeni aliangika kijisanduku kilichojaa changarawe na pamba, na mota ndogo ikawa inavuta maji yapite humo kisha yarudi kwa samaki. Alinieleza kwamba kwenye ule utelezi wa changarawe wanaishi vidudu wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaokula uchafu wa samaki. Wakifa hao, maji yanageuka sumu.

"Stima ikipotea," aliniambia, "toa hiyo mawe uweke kwa beseni pana, na maji ya samaki wenyewe. Uwe unakoroga ipate hewa. Usioshe, hata na maji ya bomba."

Nikaitikia ndiyo, Fundi. Lakini moyoni nilicheka. Vidudu wasioonekana, halafu wawe na kazi? Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, mwepesi wa kuitikia na mwepesi wa kufanya langu.

Basi mti ukaangukia waya. Injini ya kiwanda ilikuwa ya kiwanda tu, kwa hiyo nyumba zetu zikakaa siku mbili bila stima. Fundi hakuonekana nyumbani, alikuwa anapigana na injini ili majani yaliyochumwa yasioze. Siku ya kwanza nilisahau kabisa lile beseni. Siku ya pili asubuhi nikafunua kijisanduku, harufu ikanipiga puani. Changarawe zote zilikuwa na utelezi wa rangi ya udongo.

Wewe hukulelewa na mama yangu. Kwetu Wakipsigis, msichana alipimwa kwa kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mama alikuwa akiingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu kabla hata ya kukusalimia, na akisikia harufu, siku hiyo huli kwa raha. Kwa hiyo nilizifanyia changarawe kile nilichojua. Maji moto, majivu, nikasugua mpaka vidole vikaniuma, kisha nikazianika juu ya moshi wa jiko zikauke vizuri. Pamba nikaitupa nikatia mpya. Ziling'aa! Niliimba, mwanangu, nakwambia ukweli.

Mchana stima ikarudi na mota ikanguruma. Fundi aliporudi akaona maji ni safi, akanishukuru, akalala na buti miguuni. Mimi nikanyamaza na sifa zangu.

Siku ya tatu baada ya hapo maji yakawa kama ya kuoshea mchele, na samaki wakapanda juu wakitafuta hewa. Kesho yake watano walikuwa wanaelea. Fundi akatia mkono kwenye kijisanduku, akatoa changarawe akazinusa.

"Hii umeosha?"

"Ni stima, Fundi. Stima ndio imewaua."

"Stima haina harufu ya moshi." Hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze. "Nilikuambia hapo kuna wafanyikazi. Umewafuta wote, halafu unasingizia waya."

Alipunguza maji nusu, akajaza ya mvua kutoka kwenye pipa. Akachota changarawe chafu za chini ya sanduku akazitia kule juu, ili vidudu waliobaki wazaane. Akasema kuzaana huko huchukua muda, na kwamba Mama atakaporudi, mimi ndiye nitakayemwambia.

Alirudi Jumamosi. Nilimwambia mlangoni, kabla hajatua kikapu.

"Hata hawa, Chebet?" akasema.

Basi. Akakaa mbele ya kioo na kitambaa chake kichwani, akiwatazama wale wawili, mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Nimemzika mume tangu wakati huo, na dada zangu pia nimewazika, lakini maneno hayo bado yananichosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Stima ikipotea, usiache kichujio, kile kijisanduku cha kusafishia maji, kimefungwa na maji yamesimama ndani. Kitoe, kilaze kwenye beseni lenye maji ya samaki wako, koroga mara kwa mara, kisikauke. Samaki usiwape chakula kingi. Usisugue kitu mpaka umuulize aliyekiweka kinafanya kazi gani, hata kama kinanuka, hata kama mama yangu angekucheka.

Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jioni ile Fundi aliponishukuru, samaki wote saba walikuwa bado wazima. Ningesema neno moja tu, angechota zile changarawe chafu jioni hiyo hiyo, na labda Mama angewakuta wote. Nilipenda ile asante kuliko samaki wake.

Sasa naweka kalamu. Mungu akutunze huko uliko, mwanangu, akupe mikono isiyo na pupa, na akutie nguvu ya kusema "nimekosea" kabla hujaulizwa.