Njia Panda Iliyohamishwa

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimpokonya mjane mmoja chai yake, na sikujua kama nimefanya hivyo.

Nilikuwa nimeajiriwa na mpima ardhi mmoja mjini Embu, mzee aliyezoea mnyororo na darubini. Mambo ya kompyuta aliniachia mimi. Nilikuwa nachukua ramani za zamani za karatasi na kuzilaza juu ya picha ya setilaiti mpaka kila mpaka ukae mahali pake. Ili ramani ikae sawa, unachagua pointi zinazoonekana pande zote mbili: daraja, kona ya kanisa, njia panda. Kwa ramani ya kijiji cha Kibugu nilichagua nne, nikaridhika.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mjane huyo na shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Mashamba yao ya chai yalipakana, na shemeji alidai ameingiliwa. Nilienda na kifaa cha GPS, nikafuata mstari kwenye skrini, nikapiga vigingi. Mstari ulipita ndani kabisa ya chai ya mjane na kukwaruza ukuta wa jiko lake.

"Mmeona?" shemeji aliwaambia majirani. "Hata setilaiti imesema."

Mjane hakupiga kelele. Alitazama kigingi kilichokuwa karibu na mlango wake, kisha akanitazama mimi.

"Hii chai nilipanda na mume wangu," alisema. "Tulipanda tukifuata jiwe la mpaka. Wewe hilo jiwe umeliona?"

"Mama, jiwe halionekani. Tunafuata ramani."

Siku tatu baadaye, nikiwa ofisini asubuhi, nilianza kazi ya shamba lingine kwenye ramani ile ile. Mto wa kwenye karatasi ulikuwa unapita kando ya mto wa kwenye picha. Nikakagua pointi zangu moja moja. Daraja lilikuwa sawa. Kanisa pia. Nilipofika kwenye njia panda nikakumbuka jambo. Mtu wa boda aliyenipeleka kule alikuwa ameniambia, katika kupiga domo tu, kwamba lami ilipowekwa barabara ilinyooshwa na njia panda ikasogezwa. Picha ilionyesha njia panda mpya, karatasi ilionyesha ile ya zamani, nami nilizifunga pamoja kana kwamba ni moja. Upande ule wote wa ramani nilikuwa nimeuvuta.

Nikampigia simu naibu wa chifu. Alinikatiza kabla sijamaliza.

"Madam, yule shemeji ameingia kwa mjane na watu wa jembe. Wanang'oa chai. Mimi niko njiani."

Nilisahihisha ramani, nikaiingiza kwenye kifaa, nikapanda boda.

Nilikuta mashina matatu ya chai yamelazwa chini, mizizi yake minene imeelekea juu. Mjane alikuwa ameketi juu ya shina la nne, amekataa kuondoka. Shemeji alisimama mbele yake na panga mkononi. Naibu wa chifu, mama mnene mwenye koti la kijani, alisimama katikati yao.

"Simameni," nilisema. "Vigingi si sawa."

"Mashine imekosea?" shemeji aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Hapana, mzee. Nimekosea mimi."

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Huyu mama amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Nipe nafasi nionyeshe jiwe liliko. Nikikosa tena, unishtaki."

Panga halikuinuka. Nilitembea nikiangalia namba za kifaa. Miti mirefu ya migrevilea ilifunika anga, namba zikarukaruka, nikalazimika kusimama kimya huku watu wote wakiutazama mgongo wangu. Hatimaye zilitulia. Niliwaomba wale watu wa jembe wachimbe hapo. Walichimba hadi magotini. Udongo mwekundu tu.

"Rudi kwenu, msichana," shemeji alisema.

"Chimbeni hatua moja kuelekea juu ya mteremko," nilisema.

Jembe liligonga kitu kigumu. Mjane akainuka. Wakafukua kwa mikono, na likatokea lile jiwe la mpaka: saruji kuukuu yenye chuma katikati, kimeliwa na kutu lakini kimesimama wima.

Nilipiga mstari upya kutoka hapo. Chai karibu yote ilirudi kwa mjane, ila mstari mmoja wa mashina, ambao kwa miaka mingi alikuwa anauchuma kama wake, ulibaki upande wa shemeji. Nilimwambia mjane hivyo mbele ya wote. Alitikisa kichwa kukubali, akaanza kuyarudisha yale mashina matatu kwenye mashimo yake. Shemeji aliondoka bila kuaga.

Nilipiga magoti kumsaidia mjane kushindilia udongo. Sikutarajia shukrani, na hakutoa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na wale wengine uliowapimia na ramani hiyo?"

Walikuwa wanne. Jioni hiyo nilimweleza mwajiri wangu kila kitu. Akanipa funguo za gari la kazi. Wiki hiyo nilibisha mlango kwa mlango. Watatu walinisikiliza. Wa nne alikuwa ameshamwaga zege la msingi wa nyumba, nusu yake ikiwa kwa jirani, na kesi hiyo tunaihudhuria mahakamani mpaka leo.