Nguzo ya Katikati Nilikuwa Mimi

Ikiwa tumepishana karibuni huku Mji wa Kale nikageuza uso kana kwamba sikukuona, nisamehe, si kiburi, ni haya tu, maana mtaani kwetu kuna wanawake wengi ambao mpaka leo wakiniona hujiziba mdomo kwa ncha ya leso wasicheke kwa sauti, na haki wanayo.

Mimi ni mhandisi (ofisi yetu iko Shimanzi, tunapiga hesabu za maghala), na dada yangu Nasra alipoolewa mama alikataa katakata habari za ukumbi, akasema kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, kutafanyika nyumbani, uani, kama alivyopambwa yeye. Likajengwa jukwaa la mbao kimo cha kiuno, juu ya boriti mbili ndefu zilizotoka ukuta huu hadi ukuta ule, na katikati pakasimamishwa nguzo ya kuzitegemeza. Siku hiyo hiyo mama alikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa langu: Bi Rukiya, mamake Maimuna, aliahidi kuja na jibu la posa yangu. Nilimtaka Maimuna kwelikweli, hata chakula kilikuwa hakinipiti.

Asubuhi mpambaji akaja na vitambaa vyake, akasema nguzo ile inatokeza mbele na kumharibia mikunjo ya vitambaa, iondoke. Ningesema hapana, yangeishia hapo. Lakini mimi nikatoa kalamu, nikamuuliza mama wangapi watapanda kwa mpigo mmoja, akasema kumi na wawili hivi, nikautandaza uzito wao sawasawa toka ncha hadi ncha, kama tufanyavyo kwa magunia, nikapata momenti ya kupinda, yaani nguvu inayoikunja boriti, pale katikati, nikatafuta mkazo ndani ya mbao, nao ukawa chini ya kile mbao inachoweza kustahimili, tena na akiba juu yake. Nikaing'oa nguzo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kitu kimoja tu sikuuliza: hao kumi na wawili watasimama wapi. (Ningejuaje? Kupambani mwanamume haingii.)

Baada ya alasiri tulikuwa nje barazani na wakwe, kahawa inapita, na mimi namweleza babake bwana harusi jinsi boriti inavyopinda.

"Kwa hivyo haivunjiki, mwanangu?"

"Haivunjiki, mzee, nimeipigia hesabu."

Sijamaliza, ndani kukalia kwaaa! na vigelegele vikageuka mayowe.

Nikakimbia ndani bila hodi, bila kusema "stara jamani", bila chochote, nikajikuta katikati ya wanawake wa Mombasa nzima vichwa wazi, na kila mmoja akipapatika kutafuta buibui lake, na mtu akanirushia kiatu. (Niliona nini sikumbuki, na ningekumbuka nisingesema.) Ila nilichokiona kabla sijafumba macho kilinitosha: wote kumi na wawili walikuwa wamerundikana kwenye kiti cha Nasra, pale katikati, wanatazama hina na dhahabu na kupiga picha, na uzito uleule ukikusanyika katikati huipinda boriti mara mbili ya unapotandazwa. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Boriti moja ilikuwa imepasuka, imebonyea, na kiti kimeinamia upande.

"Shukeni! Shukeni nyote!"

Wakashuka, hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Nasra naye akainuka, mama akamrudisha.

"Wewe kaa! Bibi harusi hashuki watu hawajamwona. Nuksi hiyo siitaki kwangu."

"Mama, boriti imepasuka."

"Si wewe uliyesema itashika? Basi ingia chini uishike!"

Nikatambaa chini ya vitambaa na kinu cha jikoni, nikakipindua, juu yake nikaweka mbuzi ya kukunia nazi, nikaikaza chini ya boriti mpaka ikagusa. Ilishika, lakini nikiiachia tu inatikisika, kwa hivyo ikanibidi nikumbatie kinu na kukaa vivyo hivyo, huku wanawake wakipanda mmojammoja kumwona Nasra. Mwanzo waliniogopa, halafu wakanisahau, wakaanza kuzungumza mazungumzo yao, nami nikasikia habari za nyumba za watu ambazo singetaka kuzijua. Nikakohoa.

"Nyamaza wewe nguzo," mama akasema, na ua mzima ukacheka.

Ndipo akapanda Bi Rukiya. Nilimjua kwa sauti.

"Na lile jambo letu, dada?" mama akamuuliza, sauti chini, akidhani sisikii.

"Kijana ana kazi nzuri, adabu anayo, sikatai. Lakini amekaa na mama na dada umri wote huu, asijue kwamba wanawake wakija kumwona bibi harusi watamwendea bibi harusi? Maimuna wangu itambidi amwambie kila kitu, mpaka kile kinachoonekana kwa macho. La, dada. Nisamehe."

Nilitaka kutoka nijitetee. Moyo uliniuma, wallahi. Lakini Nasra alikuwa bado ameketi juu yangu na shada lake la asumini, na ningeachia kinu angeanguka, kwa hivyo nikazidi kukikumbatia, nikamsikia Bi Rukiya akishuka taratibu na kuuliza viatu vyake viko wapi.

Maimuna ameolewa Kizingo. Mimi nikipewa kazi siku hizi, hata iwe ghala la saruji, kabla sijashika kalamu huuliza kwanza watu watasimama wapi, na wenzangu ofisini hucheka, wanasema ni swali la kitoto. Nawaacha wacheke. Kwa kutoliuliza siku moja tu, nilimkosa Maimuna.