Dirt na Soil katika Shamba la Dada

Tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alibandua tope kwenye soli ya kiatu chake, akaliinua tulione.

"Shambani hii ilikuwa soil," alisema. "Kwenye kiatu changu ni dirt."

Nilizunguka na maelezo yale miaka yote. Tunduma, nikiwa utingo, mzungu mmoja wa ujenzi aliiita barabara ya udongo "dirt road", nikachukia kana kwamba amemtukana mama. Kwa marehemu mama udongo haukuwa uchafu. Mvua zikielekea kwisha alipindua majani kwa jembe, akayafukia katika matuta ya mviringo, kama vyungu vilivyofudikizwa. Yalioza humo kiangazi kizima. Novemba tulivunja matuta, tukatawanya udongo mweusi, tukapanda ulezi. Udongo ule ulinukia vizuri. Hiyo ndiyo soil ninayoijua mimi, na nikiwa mbali ndiyo niliyoikumbuka kuliko hata watu.

Novemba iliyopita nilirudi nyumbani Izia, kwa dada yetu mkubwa. Shamba la mama ndilo linalomlisha. Mwezi wa tatu alikuwa anaumwa mgongo, kaka yetu akajitolea kumfanyia matuta. Sasa tulikwenda watatu kuyavunja.

Jembe langu la kwanza lilipasua mfuko wa plastiki. Ukamwagika ute wa kijani wenye vipande vya utumbo wa kuku. Nilirudi nyuma nikitema mate. Chini yake kulikuwa na pampasi, na rundo la nywele bandia limejiviringa kama mnyama aliyekufa.

"Kaka, hii nini?"

"Mbolea hiyo, mdogo wangu. Nilisomba kwa bajaji kutoka Mazwi, kwenye saluni na migahawa. Mama si alikuwa anafukia taka?"

"Mama alifukia majani!"

"Wewe umetembea sana, pua imekuwa ya kizungu. Kikifukiwa kinaoza."

Dada alizivuta zile nywele kwa ncha ya jembe. "Na hizi zitaota? Mwakani tutavuna vichwa."

Nilicheka, harufu ikaniingia mdomoni, nikaacha.

"Dada, ipe muda tu," kaka alisema.

"Tangu mwezi wa tatu! Pampasi bado ina mavi ya mtoto wa watu, tena imevimba. Mimi nitakula nini?"

Tulivunja tuta la pili, la tatu, tukakuta yaleyale. Mwalimu alitufundisha nusu tu. Soil ikitoka mahali pake huwa dirt, sawa, lakini dirt haigeuki soil kwa kuwekwa shambani na kufunikwa vizuri. Pale dirt ilikuwa mahali pa soil, katika umbo la mikono ya mama, na ilinitia kichefuchefu kuliko jalala lolote nililopita.

Kwenye matuta ya mwisho, upande wa juu, kaka alikuwa ameishiwa taka akafukia majani. Dada aliokota udongo wa pale, akaunusa, akaweka mbegu za ulezi palepale, tayari kwa kupanda. Kipande kile hakimtoshi hata nusu ya mwaka, sote tuliliona hilo.

Akamtupia kaka gunia. "Toa vyote. Rudisha ulikovitoa."

Kaka aliinama, akaanza kuokota kwa vidole viwili, uso ameugeuzia pembeni.

"Shika kwa mkono mzima," dada alimwambia. "Si mbolea?"

Nami nilikuwa nimepanga kuondoka kesho yake kwenda Mpanda. Nilichukua gunia la pili.