Shavu Moja Lina Ndevu

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi Temeke, nikingoja zamu yangu. Kitini alikaa karani wa serikali, shavu la kulia limeshanyolewa, la kushoto bado lina povu. Timu yetu ya mtaa ilikuwa imefungwa tena.

"Mwalimu wa timu aondoke," karani akasema. "Senta fowadi mguu umekufa, naye anampanga kila mechi!"

Kinyozi akasimamisha wembe. "Mwalimu yule ni shemeji yangu. Futa kauli yako."

"Sifuti."

"Basi na mie sinyoi."

Tulidhani karani atanywea. Akajifuta povu kwa kiganja, akavaa kofia, akatoka na ndevu zake za upande mmoja. Mlangoni akageuka: "Hata bwana mkubwa ofisini akiniuliza, jibu ni lile lile. Aondoke!"

Kesho yake nilimkuta uwanjani, shavu vile vile, akiishangilia timu ile ile mpaka sauti ikamkauka. Afisa mmoja wa Kizungu akamnyooshea kidole, akicheka. Kinyozi ndiye aliyeruka wa kwanza: "Unamcheka nini? Huyo ni wetu!"

Tulifungwa tena. Lakini anayetaka kutucheka, kwanza aje afungwe pamoja nasi.